Umebadilisha betri ya gari? Namna ya kulirudishia kumbukumbu zake, hatua kwa hatua

Betri mpya imefungwa, stata imevuta kwa kishindo kimoja, halafu vituko vinaanza. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka. Kioo cha dereva kilichokuwa kinajifunga chenyewe sasa kinataka ushikilie swichi mpaka mwisho. Taa ya VSC, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, imewaka njano, na redio inadai namba za siri kwa Kijapani. Hapo ndipo wengi huku Mwanza wanaposhauriwa kununua throto (mlango wa kupitishia hewa ya injini), sensa ya usukani au kontrolo boksi (kompyuta ya gari) iliyong'olewa kwenye gari jingine, wakati gari lilihitaji kufundishwa upya kwa saa moja tu. Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote: tatizo lililoanza siku ileile betri ilipobadilishwa lisikutoe hata senti ya kifaa kipya mpaka umemaliza hatua zilizomo humu.

Kilichosahaulika na kisichosahaulika

Kompyuta za gari zina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza imeandikwa kwenye chipu na haitegemei umeme. Humo zimo kilomita ulizotembea, utambulisho wa funguo na mipangilio ya kiwandani. Hata betri ikae nje mwezi mzima, hiyo haifutiki. Mtu akikuambia gari limesahau ufunguo kwa sababu umetoa betri, pima kwanza umeme wa betri yenyewe na ile betri ndogo ndani ya remoti, ndipo umsikilize.

Ya pili inashikiliwa na umeme kidogo unaotoka kwenye betri saa zote, hata gari likiwa limelala. Humo injini imejiwekea throto ifunguke kiasi gani gari likiwa limesimama na mafuta yaingie kwa kipimo gani. Gia otomatiki nayo imejiwekea namna ya kubadilika bila kushtua, vioo vimejua mwisho wa safari yao ni wapi, na redio imehifadhi stesheni zako. Ukitoa taminali, yaani vichwa vya nyaya vinavyoshika nguzo za betri, hayo yote au sehemu yake huondoka. Na jambo ambalo watu hawalifikirii: makosa yaliyorekodiwa na kompyuta nayo hufutika. Kama taa ya injini ilikuwa inawaka kabla, ipimwe kwa mashine kabla hujatoa betri, la sivyo unafuta ushahidi mwenyewe.

Kabla hujashika spana

Hakikisha betri unayonunua inalingana na iliyotoka. Soma maandishi ya ile ya zamani, kwa mfano 46B24L. Herufi B inaonyesha upana na kimo, 24 ni urefu wa takriban sentimita 24, na L ya mwisho inaonyesha chanya imekaa upande gani. Ukichukua ya R mahali pa L, nyaya hazitafika, au zitafika kwa kuvutwa, na waya wa kuvutwa haukai. Ukiona S mwishoni, yaani 46B24LS, nguzo zake ni nene, zile zisizo na S ni nyembamba. Muuzaji akikosa saizi yako atakupa ya nguzo nyembamba kisha akunje kipande cha kopo na kukichomeka kwenye taminali ili ibane. Kataa. Kipande hicho kitalegea kwenye matuta, na kila kikilegea gari linapoteza kumbukumbu upya. Utafundisha gari leo na kesho utaanza tena.

Magari ya Kijapani yanayojizima kwenye foleni na kujiwasha yenyewe hutumia betri zenye maandishi kama M-42, N-55 au Q-85. Hizo zimetengenezwa kwa kuwashwa mara nyingi kwa siku. Betri ya kawaida itawasha gari vizuri, ila haitadumu ikiwa mfumo huo unatumika.

Palepale dukani omba mita. Betri nzuri iliyojaa na kutulia husoma kati ya volti 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.4 ina robo tatu hivi. Ikiwa 12.2 imebaki nusu, maana yake imekaa kabatini muda mrefu, na hakuna sababu ya kuinunua kama mpya. Hili ni muhimu hata kwa mafunzo yenyewe, maana kompyuta ikijifunza umeme ukiwa mdogo, inajifunza vibaya.

Sasa mahali pa kufanyia kazi. Mwanza ni mji wa milima, na hili si pambo la maelezo, linahusika. Ukiwa Isamilo, Mabatini au kule juu Bugando, usifanyie kazi nje ya geti kwenye mteremko. Baadhi ya Toyota zenye VSC hujipima upya mara swichi inapowekwa ON baada ya betri kurudi: kompyuta ya breki husoma gari lilivyotulia na kulichukulia hilo kuwa sifuri yake. Likisoma limelala kwa mteremko, au wapo watu wanalitikisa, linaanza na sifuri ya uongo. Teremka utafute mahali palipo sawa, weka P, vuta breki ya mkono, zuia tairi kwa jiwe. Mawe hapa hayajawahi kuadimika.

Kisha haya madogo, ambayo ukiyaruka yanaumiza:

Shusha kioo cha dereva, na ufunguo utoke nje ya gari ukae mfukoni. Kuna magari yenye alamu za kufungwa mitaani ambayo umeme ukirudi hufunga milango yenyewe.

Kama betri iko kwenye buti, usiache buti lijifunge. Magari mengi ya kisasa hufungua buti kwa umeme, na umeme wenyewe upo ndani ya buti.

Piga picha redio ikiwa imewaka, stesheni zikionekana. Kama gari lilikuja na kijitabu au kadi yenye namba za redio, itafute sasa, siyo baadaye.

Kama gari lina kifaa cha kufuatilia, cha kampuni ya mkopo au cha bosi wako, wapigie simu kabla. Kifaa kikikatiwa umeme hutuma taarifa, na hutaki kuanza kueleza mambo ukiwa na spana mkononi.

Alamu ya king'ora italia umeme ukirudi. Ujue kitufe chake kilipo, au uwe na remoti yake karibu.

Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, usubiri dakika tatu au nne. Kompyuta hazilali papo hapo, na redio zenye ramani huwa bado zinaandika mambo yake hata baada ya kuzimwa.

Je, uizuie isisahau?

Inawezekana. Kuna waya maalumu unaochomekwa kwenye tundu la kupimia gari chini ya usukani na kuunganishwa na betri nyingine ya volti 12, ili umeme usikatike. Mafundi wengine hutumia nyaya za kubustia na betri ya pembeni. Njia hii ni nzuri, lakini kumbuka kuwa taminali ya chanya inabaki na moto muda wote. Ikigusa bodi utaona cheche, na fyuzi kubwa inaweza kuondoka. Ifunge kwa mpira au kitambaa kikavu kinene mara inapotoka kwenye nguzo.

Kwa Vitz, Passo au Corolla yenye redio ya kawaida, mimi nisingejisumbua. Kwa Harrier, Crown au Alphard yenye redio ya ramani ya kiwandani inayodai namba, inafaa kabisa. Utaona sababu tukifika kwenye redio.

Kuna njia moja ya mkato ya kukataa kabisa: kutoa betri injini ikiwa inanguruma, eti alteneta, ile inayochaji betri, itashikilia umeme. Alteneta bila betri hurusha umeme unaoruka juu ghafla, na kompyuta haina ngozi ya kuvumilia hilo. Wapo waliofanya hivyo na gari likaendelea vizuri. Wapo pia waliounguza kontrolo boksi kwa sekunde moja.

Kutoa na kufunga

1. Legeza hasi kwanza, yenye alama ya kutoa, kwa spana namba 10. Isogeze mbali, uifunge kitambaa isirudi yenyewe.
2. Fuata chanya. Sababu ya mpangilio huu ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikagusa chuma chochote, umetengeneza shoti.
3. Toa kibano kinachoshikilia betri, inyanyue ikiwa wima.
4. Safisha taminali. Ule ungaunga mweupe au wa kijani huondoka kwa maji ya moto yenye magadi soda, kisha brashi ya waya. Kausha kabisa.
5. Weka betri mpya, funga kibano chake. Betri inayochezacheza hufa mapema kwenye barabara zetu.
6. Funga chanya kwanza, kisha hasi. Hasi iguse mara moja kwa uthabiti, usiwe unagusagusa. Cheche ndogo ni kawaida.
7. Kaza mpaka taminali isizunguke kwa nguvu ya mkono. Usiigonge kwa nyundo, nguzo ikishindiliwa chini inaweza kupasua sahani za ndani. Paka grisi kidogo juu.

Kuwasha mara ya kwanza, na habari ya sailensa

Ingia taratibu, kaa, funga mlango, usukani ukiwa umenyooka. Weka swichi ON bila kuwasha injini na usubiri sekunde kumi bila kutikisa gari. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Kisha zima, washa injini, na usikanyage mafuta.

Kwa Toyota nyingi tunazoendesha hapa, IST, Raum, Spacio, Premio, Allion na ndugu zao, hakuna mchezo wa kukanyaga pedali. Video nyingi za kukanyaga na kuachia zinahusu Nissan, na watu huziiga kwenye kila gari. Toyota inahitaji muda. Zima taa, redio na AC. Acha injini inguruma mpaka ipate joto na feni ya rejeta ianze kuzunguka. Baada ya hapo washa AC kwa dakika tano hivi, izime, kanyaga breki, weka D ukae dakika mbili tatu, kisha rudisha P. Zima gari, liwashe tena. Mwanzo sailensa itakuwa juu au itatetema, halafu itajitafuta na kutulia. Ikibaki kidogo, itamalizika barabarani.

Honda hutaka kitu kinachofanana. Ukishaiwasha, vitu vyote vikiwa vimezimwa, shikilia mzunguko wa injini kwenye 3,000 mpaka feni iwake, halafu achia kabisa na uiache dakika tano ikiwa sailensa.

Nissan ndiyo yenye ngoma yake, na inataka saa ya mkononi. Utaratibu huu unafaa Nissan nyingi za miaka ya 2000 zenye throto ya umeme, kama X-Trail, Tiida na Dualis. Endesha kwanza gari lipate joto. Betri iwe na zaidi ya volti 12.9 injini ikinguruma, usukani umenyooka, gia P, vitu vyote vimezimwa. Zima injini. Halafu:

Mguu ukiwa mbali na pedali ya mafuta, weka ON sekunde 2, weka OFF sekunde 10, weka ON sekunde 2, weka OFF sekunde 10. Huko ni kuifundisha pedali iko wapi ikiwa imeachiwa. Wakati wa OFF sogea karibu na injini usikilize, utasikia throto ikisogea kwa mlio mdogo. Hiyo nayo inajifunza kujifunga.

Sasa weka ON, subiri sekunde 3. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Achia, subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka chini na ushikilie, kama sekunde 20, taa ya injini itameta na baadaye itakoma kumeta na kuwaka moja kwa moja. Ndani ya sekunde 3 tangu iwake, achia pedali, washa injini, iache sailensa sekunde 20. Kanyaga kidogo mara mbili tatu, uone inarudi palepale.

Ukikosea kuhesabu haidhuru chochote. Zima, subiri, anza upya. Wengi hawapati mara ya kwanza. Nissan za karibuni zinahitaji mashine, kwa hiyo ukijaribu mara kadhaa bila mafanikio usikeshe.

Na kuna gari ambalo litakataa njia zote: linawaka, linatetema, linazima kila ukikanyaga breki. Hapa betri si mkosaji. Throto ikijaa masizi, hewa inapita kwa shida, lakini kompyuta imekuwa ikifidia kidogo kidogo kwa miaka bila wewe kujua. Ulipotoa betri, fidia ikafutika na uchafu ukabaki peke yake. Dawa ni kusafisha throto kwa dawa ya kupuliza ya kazi hiyo na kitambaa laini, huku ukiwa hulazimishi kile kibati kwa kidole kwenye throto za umeme, halafu kurudia mafunzo. Kuisafisha ni kazi ndogo, kununua nyingine ni gharama kubwa, na huo ndio upenyo ambao fundi asiye mwaminifu huingilia.

Taa za VSC, TRC (kuzuia tairi kuzunguka bure) na usukani

Gari likishatulia, injini ikinguruma, zungusha usukani taratibu mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, urudishe katikati. Mazda na Volkswagen nyingi huzima taa hapohapo au baada ya mita chache. Nyingine zinataka zitembee mahali palipo nyooka. Hapa Mwanza, barabara ya Makongoro kuelekea uwanja wa ndege inafaa, maana baada ya Kirumba na Pasiansi unapata vipande vilivyonyooka bila kupanda milima. Ni kilomita 10 hivi kutoka katikati ya mji. Nenda asubuhi mapema kabla bodaboda hazijajaa.

Kama taa inabaki kwa siku kadhaa kwenye Prado, Mark X au Crown, huenda sifuri ya VSC inahitaji kuwekwa kwa mashine. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye mashine ya kueleweka, na haihitaji kununua sensa. Mwambie hivyo kabla hajafungua boneti.

Vioo, paa na milango

Taa ya swichi ya kioo ikimeta, kioo kimesahau mwisho wake. Weka ON, shusha kioo mpaka nusu, vuta swichi ili kioo kipande mpaka juu kabisa, na kikishafika endelea kushikilia. Magari mengine yanatosheka na sekunde 2, mengine yanataka hadi 6, kwa hiyo shikilia 6 kuwa na uhakika. Achia, jaribu kwa mguso mmoja. Ikigoma, kishushe mpaka chini, shikilia, kisha kipandishe tena mpaka juu na kushikilia. Volkswagen hutaka uvute mara mbili: kioo kikiwa juu shikilia, achia, vuta tena ushikilie.

Kosa linalosumbua watu ni kufundisha vioo vyote kutoka mlango wa dereva. Kwenye gari lenye vioo vinavyojifunga vyenyewe kwenye milango yote minne, kila kioo kifundishwe kwa swichi iliyo kwenye mlango wake. Na mpaka umemaliza, mwambie mtoto wa nyuma asitoe mkono: kile kinga cha kioo kurudi chini kikigusa kitu huenda hakifanyi kazi.

Paa la kioo: bonyeza upande wa kuinua na ushikilie mpaka liinuke, lishuke, litulie lenyewe. Linaweza kuchukua zaidi ya sekunde kumi, usiachie katikati. Milango ya umeme ya Noah na Alphard, pamoja na mlango wa nyuma wa Harrier, ifunge kwa mkono mpaka ibane kabisa, ndipo ujaribu kitufe.

Redio

Saa na stesheni weka mwenyewe, hakuna ujanja. Shida ni redio za ramani za kiwandani za Toyota kutoka Japani. Nyingi hufunga zikikatiwa umeme na kuonyesha maandishi ya Kijapani pamoja na neno ERC na mfuatano wa herufi na tarakimu 16. Huo ndio utambulisho wa redio yako, na namba ya kuifungulia hutokana nao. Piga picha iliyo wazi, isiyo na mwanga wa jua kwenye kioo, ili 0 isisomwe kama O na 8 isisomwe kama B. Mafundi wa redio mjini wanatoa huduma hiyo, na wengine huifanya kwa simu. Ukipata namba iandike ndani ya kijitabu cha gari. Ndiyo hiyohiyo milele, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilipia mara ya pili.

Baadhi yao programu nzima imo kwenye kadi ya SD ya ramani. Kama kuna mtu alichomoa kadi akaitia nyimbo za bongo fleva, redio inaweza kubaki imeganda na tangazo la Kijapani, na hapo namba za ERC hazisaidii. Tafuta kadi kwanza.

Redio za Volkswagen na za baadhi ya Honda zina namba zao za tarakimu chache. Usibahatishe. Ukikosea mara kadhaa zinajifunga, na unaweza kulazimika kuiacha imewashwa hata saa nzima kabla ya kukubali jaribio jingine. Kwenye baadhi ya Honda, jaribu kwanza kushikilia kitufe cha kuwashia redio sekunde mbili, wakati mwingine inajitambua yenyewe.

Kama baadaye hupati stesheni zilizo juu ya 90, usiilaumu betri. Redio nyingi za Japani zimetengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, na hilo ni suala la kifaa cha kubadilisha masafa. Na yule dada wa Kijapani anayezungumza kila ukiwasha gari anakukumbusha kuwa hujaweka kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Ukiwa umeshashika zana, chomoa waya wa kile kiboksi chake. Hutamhitaji ukivuka daraja la Kigongo–Busisi.

Gia otomatiki

Gia zitashtua kidogo au kuchelewa kwa muda. Ziache zijifunze. Endesha kwa upole, ongeza mwendo polepole mpaka gia zote zibadilike, punguza taratibu mpaka usimame, urudie mara nyingi. Hapa pia barabara iliyonyooka inasaidia kuliko kupanda na kushuka mlima. Usimruhusu mtu kubadilisha mafuta ya gia wiki hiyo kwa ajili ya mshtuko uliokuja na betri.

Haibridi na magari ya Ulaya

Aqua na Prius zina betri ndogo ya volti 12 mbali na ile kubwa ya haibridi. Kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, kwenye Prius nyingi iko nyuma kwenye buti. Kwa kuwa imekaa ndani ya gari, lazima iwe ya aina iliyozibwa na yenye kamrija ka kutolea hewa nje. Karudishe kamrija hako mahali pake. Usiweke betri ya kawaida ya majimaji humo hata kama ni ya bei nafuu, gesi yake itaishia kwenye pua za abiria. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse.

BMW za kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na magari mengi ya Ulaya ya kisasa, yanataka betri mpya isajiliwe kwa mashine. Gari lina hesabu ya umri wa betri na linaichaji kulingana na umri huo. Usipoisajili litaichaji mpya kana kwamba ni kongwe, na utaizika mapema. Kwa magari haya mtafute fundi kabla ya kununua betri, umuulize kama mashine yake inafanya kazi hiyo.

Magari ya Kijapani ya kujizima kwenye foleni nayo mara nyingi huhitaji hesabu ya betri irudishwe sifuri. Bila hilo gari linatembea vizuri, ila halijizimi.

Kukagua kazi yako

Injini ikinguruma, weka mita kwenye betri. Kati ya volti 13.8 na 14.5 alteneta inachaji. Chini ya 13 hata ukiwa umezima kila kitu, betri mpya itakufa kama ya zamani, na huenda ile ya zamani haikuwa na kosa. Wakati wa kuvuta stata, umeme usishuke chini ya 9.6.

Kwa siku chache zinazofuata angalia saa ya dashibodi. Toyota nyingi zikipoteza umeme saa yake huanzia 1:00. Ukiikuta imerudi huko baada ya kupita matuta, taminali imelegea. Kaza, kisha urudie mafunzo.

Saa hiyohiyo inafaa ukienda kukagua gari la kununua. Ikiwa haijarekebishwa, kilomita za safari ziko sifuri na stesheni zote zimefutika, omba gari lipimwe kwa mashine. Fundi aangalie orodha ya mifumo ambayo kompyuta imeshajikagua: kama yote inasoma kuwa haijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni, na inawezekana taa ya injini ilikuwa inawaka jana. Endesha umbali wa kutosha kabla ya kutoa pesa.

Betri ya zamani usiiache mlangoni wala usiimwage maji yake kwenye mtaro. Mitaro ya mji huu huingia Mto Mirongo, na Mirongo huingia ziwani. Risasi iliyomo ina bei, hivyo wauza betri wengi huichukua na kukupunguzia kwenye ile mpya, ukikataa kuinyamazia. Ukiibeba kwenye gari isimame wima ndani ya beseni la plastiki, nguzo zote mbili zikiwa zimezibwa kwa tepu ili jeki isije ikaziunganisha.